Mti wa Krismasi: wa kukata, wa plastiki au wa kwenye chungu?

Kabla hujauliza bei ya mti wowote, jiulize mambo mawili. Nyumba yako ina joto kiasi gani mwezi wa Desemba? Na je, una sehemu kavu ya kuhifadhi boksi lenye urefu wa mita moja kwa miezi kumi na moja? Majibu yake yanaamua karibu kila kitu. Aliyeko Lushoto, Njombe au Limuru, ambako jioni watu huvaa sweta hata Desemba, hana sababu ya kununua plastiki: mti mbichi ukitunzwa utafika Mwaka Mpya ukiwa bado na rangi yake. Aliyeko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32, akinunua mti uleule wa kukata tarehe 10 Desemba, sikukuu itamkuta na kuni.

Tahadhari moja mapema. Maelekezo mengi yanayosambaa mitandaoni yameandikwa kwa ajili ya miti ya Ulaya na Marekani, hasa ile ya Nordmann, ambayo hushikilia majani yake wiki nne hadi tano ndani ya nyumba. Huku kwetu mti wa kukata ni saipresi. Saipresi ina magamba madogo badala ya sindano, inapoteza maji upesi, na haivumilii kusahauliwa hata siku moja bila maji. Ukisoma mahali kwamba mti utakaa mwezi mzima, punguza muda huo kama uko nyanda za juu, na ukiwa Pwani hesabu siku saba hadi kumi tu.

Saipresi ya kukata

Saipresi iliyoenea Afrika Mashariki, Cupressus lusitanica, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ililetwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao, na leo utaikuta kwenye mashamba ya miti ya serikali, kwenye mipaka ya mashamba ya watu, na kwenye nyua za nyumba nyingi za Arusha, Moshi, Lushoto, Kiambu na Nyeri. Nyua hizo ndizo chanzo bora kuliko vyote. Ua wa saipresi usipopunguzwa kila mwaka unageuka msitu, kwa hiyo mwenye ua mara nyingi hufurahi akipata mtu wa kumpunguzia. Tafuta ua ulioachwa miaka mitatu au minne, uchague tawi la pembeni lililosimama lenyewe, lenye urefu wa futi 4 hadi 5 na umbo la pia. Tawi hilo linatosha kabisa kwa sebule ya kawaida, na hakuna mti uliouawa.

Ukinunua barabarani, uliza mti umetoka wapi. Kukata kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa, Tanzania na Kenya pia, na usafirishaji wa mazao ya misitu una vibali vyake kutoka kwa wakala wa misitu, TFS kwa Tanzania na KFS kwa Kenya. Muuzaji anayefanya kazi halali atakwambia bila kusita shamba ni la nani. Anayekwepa swali, mwache.

Kupima ubichi hakuhitaji ujuzi mkubwa. Shika ncha ya kitawi uipinde hadi ikutane na kidole: mbichi hupinda na kurudi, kavu huvunjika kwa sauti. Sugua magamba kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakiwa mabichi mkono utanuka utomvu na kubaki na unatonata kidogo. Kisha uinue mti sentimita kumi kutoka ardhini na uugonge chini kwa shina. Majani ya kahawia yatakayodondoka kutoka ndani, karibu na shina, si tatizo, hayo saipresi huyaacha yenyewe kila mwaka. Yakidondoka ya kijani, mti umeshakufa. Mwisho tazama palipokatwa: pawe na rangi ya krimu na unyevu kidogo. Pakiwa na nyufa na rangi ya hudhurungi, mti umekaa juani siku nyingi.

Angalia pia vidukari. Wadudu hawa wa saipresi ni wadogo, wa kahawia, hukaa kwa makundi kwenye gome la vitawi na kuacha majimaji yenye sukari ambayo huvuta sisimizi na kuota ukungu mweusi. Vidukari hao waliingia Kenya mwaka 1990 na kuharibu saipresi nyingi katika ukanda huu. Tawi lenye mabaka makavu ya rangi ya kutu katikati ya kijani mara nyingi limeshambuliwa. Usiliingize ndani.

Siku ya kununua ni sehemu ya uchaguzi. Nyanda za juu unaweza kukata kuanzia tarehe 12 Desemba. Nairobi, subiri hadi tarehe 15 hivi. Pwani usikate wala kununua kabla ya tarehe 20, na kama ni lazima iwe saipresi, tarehe 22 ni bora zaidi. Mti unaosafirishwa kutoka Lushoto hadi Dar juu ya keria ya basi hupigwa na upepo safari nzima, na upepo huo unaukausha kuliko jua. Ufunge ndani ya turubai au gunia lililoloweshwa, shina likitangulia mbele ili upepo usiyafumue matawi. Hata kwa bodaboda ya nusu saa, funga.

Namna ya kuusimamisha

Vishikio vya chuma vyenye bakuli la maji ni adimu madukani kwetu. Ndoo ya lita 20 inafanya kazi hiyohiyo vizuri, mradi ifuatwe taratibu:

1. Kata upya kitako cha shina kwa msumeno, kipande cha sentimita 2 hadi 3, ukate mlalo ulionyooka. Panga halifai kwa kazi hii, kwa sababu linaponda mishipa ya maji na kuacha mkato wa mshazari unaofanya mti uyumbe ndani ya ndoo. Fanya hivyo dakika chache tu kabla ya kuuingiza majini. Ukiuacha saa sita hadi nane, utomvu na hewa vinaziba mkato na itabidi ukate tena.

2. Ondoa matawi ya chini kiasi cha sentimita 35, ili shina tupu liingie ndani ya ndoo. Usimenye gome. Maji hupanda kupitia sehemu ya nje ya mbao, iliyo chini tu ya gome, na wanaochonga shina ili lienee kwenye chombo chembamba wanaondoa sehemu ileile inayokunywa.

3. Weka shina katikati ya ndoo likigusa chini kabisa. Libane kwa mawe matatu au manne ya ukubwa wa ngumi, moja kila upande, huku mtu mwingine akiushika mti wima na kuutazama kutoka pande mbili.

4. Jaza kokoto hadi sentimita 5 kutoka ukingoni. Ndoo iliyojaa kokoto ina uzito wa kilo 30 hivi, na uzito huo ndio utakaouzuia mti wa futi 6 usianguke mtoto akivuta taa.

5. Mimina maji ya kawaida mpaka yafike karibu na juu ya kokoto, lakini yasizifunike.

Hatua hiyo ya mwisho ina sababu mbili. Kokoto hula zaidi ya nusu ya nafasi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inabeba maji lita 8 tu hivi, na watu hudhani bado yapo wakati yameisha. Chomeka kijiti kirefu kando ya shina, ukitoe kila asubuhi usome unyevu umefika wapi. Sababu ya pili ni mbu. Maji yaliyo wazi kwa zaidi ya wiki moja yanatosha kutoa mbu wazima, wakiwemo wale wa homa ya dengue ambao wanapenda vyombo vya ndani na karibu na nyumba. Kokoto zilizo juu ya maji huwapunguzia nafasi, na kipande cha chandarua kilichofungwa mdomoni mwa ndoo huwafungia kabisa. Juu yake zungushia kitenge, hakuna atakayeona ndoo.

Kiasi cha maji hukadiriwa kwa unene wa shina: lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo. Shina la sentimita 6 linaweza kunywa zaidi ya lita 2, na siku ya kwanza hata zaidi. Usiongeze sukari, aspirini, soda wala klorini. Hakuna kinachoshinda maji matupu, na sukari kwenye joto letu huozesha maji kwa siku mbili. Usitoboe shina kwa kuchimba kitako wala kupigilia misumari ukidhani maji yatapanda upesi, hayapandi.

Kabla ya kuuingiza ndani, ukung'ute nje kwa nguvu, kisha uoshe kwa mpira wa maji na uuache kivulini ukauke juu juu. Vumbi, buibui na vimelea vya ukungu vitabaki uani. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu hatua hii si ya kurukwa. Utomvu ukishika mikononi, paka mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni.

Feni na kiyoyozi ni adui mkubwa wa mti wa kukata. Feni ya dari inayozunguka juu yake siku nzima itaukausha hata ndoo ikiwa imejaa. Uweke kwenye kona isiyopigwa na upepo huo wala na jua la dirishani, na uwe mbali na jiko, kibatari au chetezo. Mishumaa isiwekwe juu ya mti wa aina yoyote. Saipresi kavu imejaa mafuta ya utomvu na huwaka kwa sekunde chache tu, hakuna muda wa kwenda kuchota maji. Siku utakayopinda kitawi kikavunjika, zima taa na utoe mti nje siku hiyohiyo, hata kama ni tarehe 24.

Neno kuhusu mvinje, kwa walioko Pwani. Tawi la mvinje linapendeza na linapatikana, lakini vitawi vyake hulegea na haviwezi kubeba pambo zito kuliko karatasi au utepe. Na mivinje ya ufukweni inazuia mchanga usiondoke na mawimbi, isiguswe. Kama tawi limetoka kwenye mti wa shambani mwako, lisimamishe kwa njia ileile ya ndoo.

Mti wa plastiki

Miti ya plastiki haifii sebuleni. Inafia stoo. Mwenye chumba chenye dari ya gypsum na kabati kavu ataitumia miaka kumi na mitano; mwenye kuutupa juu ya dari chini ya mabati, ambako joto la mchana linaoka kila kitu, atakuta PVC, plastiki ya majani yake, imekauka na inapukutika baada ya sikukuu ya tatu. Kwa hiyo kama huna pa kuuhifadhi, usiununue hata ukiwa nusu bei.

Anza na vipimo vya chumba. Pima kutoka sakafuni hadi dari, kisha toa sentimita 30 kwa ajili ya nyota na nafasi ya kupumua. Dari ya mita 2.7 inachukua mti wa futi 7 (sentimita 210) bila shida, lakini upana ndio huwakamata watu: mti wa futi 6 uliofunguka vizuri una kipenyo cha karibu mita moja, na huo wa futi 7 huzidi hapo. Katika sebule ya mita 3 kwa 3 yenye seti ya makochi, mti wa futi 5 ndio unaokaa. Chora duara la mita moja kwa chaki sakafuni kabla hujaenda Kariakoo au River Road, utajua mara moja.

Dukani mwombe muuzaji afungue boksi. Picha ya nje haina uhusiano wa lazima na kilichomo. Tazama haya:

Ncha. Mtengenezaji huandika idadi ya ncha kwenye boksi. Kwa mti wa futi 6, ncha chini ya 500 zitakuonyesha nguzo ya katikati kutoka mlangoni; 800 na kuendelea mti unajaa. Boksi lisilo na idadi, hesabu ncha za tawi moja la chini kisha zidisha kwa idadi ya matawi.

Majani. PVC ni karatasi za plastiki zilizokatwa nyuzi nyuzi na kusokotwa kwenye waya. Ni bapa na nyepesi. PE, aina nyingine ya plastiki, humiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo jani lina unene na umbo halisi, na bei yake iko juu. Mti mzuri wa bei ya kati una PE kwenye ncha za nje na PVC ndani. Vuta kitawi kimoja kwa vidole mara tano. Nyuzi zaidi ya mbili tatu zikibaki mkononi, rudisha.

Bawaba. Kuna miti ambayo matawi yake yameshikizwa kwenye nguzo kwa bawaba, yanashuka yenyewe ukiisimamisha, na kuna ile ya kuchomeka tawi moja moja kwa kufuata rangi. Chukua ya bawaba. Ya kuchomeka ni nafuu, lakini rangi za alama hufutika, waya za kuchomeka huota kutu kwa hewa ya chumvi ya Pwani, na kitovu kimoja kikipasuka tawi lake halina pa kukaa.

Miguu. Iwe ya chuma, mitatu au minne, yenye skrubu ya kubana nguzo. Msalaba wa plastiki hupasuka kwenye tundu la katikati mwaka wa pili, na hakuna duka linalouza msalaba peke yake. Hakikisha skrubu zimo ndani ya mfuko wake kabla ya kulipa.

Harufu kali ya plastiki ukifungua boksi ni ya kawaida. Uache mti umesimama barazani kivulini siku nzima. Miti ya PVC ya bei ya chini, hasa ya zamani, imewahi kukutwa na madini ya risasi yaliyotumika kuimarisha plastiki, na inapozeeka hutoa vumbi. Futa kwa kitambaa kibichi kila unapoisimamisha, nawa mikono ukimaliza, na usimwache mtoto anayetambaa atafune matawi. Ikianza kuacha unga mkononi, muda wake umekwisha.

Kuufungua kuna ufundi wake, na hapa ndipo mti wa bei ndogo unaweza kuonekana wa maana. Vaa glovu. Anza na ngazi ya chini, tawi moja, na uanze karibu na nguzo ukielekea nje: ncha ya kwanza juu, ya pili kushoto, ya tatu kulia, ya nne chini kidogo. Ile ya mwisho kabisa iachwe ielekee mbele. Maliza ngazi nzima kabla ya kwenda juu. Mti wa futi 6 unataka dakika 30 hadi 45 kwa uchache. Wanaofanya kwa dakika tano ndio wanaolalamika kwamba mti wao ni brashi ya chupa.

Mti wa kwenye chungu

Kwa mtu wa Pwani mwenye baraza au uwanja mdogo, hili ndilo chaguo tunalolipendekeza kuliko yote, na bado wengi hawalifikirii. Araukaria, ile yenye matawi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi kama vijiti vya mwavuli, asili yake ni kisiwa cha Norfolk, katika bahari ya Pasifiki. Inavumilia joto, hewa ya chumvi na hata mwanga hafifu wa ndani. Saipresi ya chungu, kinyume chake, inataka jua kamili na baridi ya usiku. Pwani huishi kwa shida.

Kwenye kitalu, shika shina karibu na udongo ulivute polepole. Udongo na mmea vikiinuka pamoja, mizizi ipo. Shina likicheza peke yake, ama mmea umeng'olewa shambani juzi na kuchomekwa kwenye kiriba, ama ni tawi lililopandwa bila mizizi, na litakuwa la kahawia kabla ya Januari. Araukaria ya mita moja inataka chungu chenye kipenyo cha sentimita 25 hadi 30 na matundu chini. Kama bado iko kwenye kiriba cheusi, ihamishe angalau wiki tatu kabla ya sikukuu, kwa mchanganyiko wa debe mbili za udongo, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza vizuri.

Kagua ncha ya juu kabisa kabla ya kulipa. Araukaria iliyokatwa kilele hairudishi umbo lake. Matawi ya pembeni hayageuki kuwa shina, yanaendelea kukua kwa ubavu. Kwa sababu hiyohiyo araukaria iliyooteshwa kutokana na tawi la pembeni itatambaa maisha yake yote. Na wakati wa kupamba, nyota isifungwe kwenye kile kilele laini. Funga kijiti cha mwanzi kando ya shina, nyota ikae juu ya mwanzi.

Matawi yake ni dhaifu. Yatundikwe mapambo mepesi tu: utepe, karatasi, shanga, vifuu vidogo vilivyopakwa rangi. Mwagilia pale udongo wa juu wa sentimita 2 hadi 3 unapokauka, kwa kawaida lita moja mara mbili kwa wiki, na umwage maji yanayobaki kwenye sahani ya chini. Geuza chungu robo mzunguko kila baada ya siku nne, la sivyo mmea utainama kuelekea dirishani. Araukaria inaweza kukaa ndani wiki tatu bila madhara. Saipresi ya chungu isizidi siku kumi.

Ukitaka kuipanda ardhini baadaye, usiitoe sebuleni na kuiweka juani moja kwa moja, majani yataungua. Iache kivulini wiki moja, kisha jua la asubuhi wiki nyingine. Januari na Februari ni kiangazi kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya, kwa hiyo iache kwenye chungu mpaka masika, Machi au Aprili. Njombe, Mbeya na Iringa mvua zinaendelea hadi Aprili, huko panda Januari hiyohiyo. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, na liwe mita 10 au zaidi kutoka nyumbani na kwenye nyaya za umeme: saipresi hufika mita 30, na araukaria huweza kuzidi hapo.

Hesabu ya pesa, na ya hewa ukaa

Bei zinabadilika kila Desemba, lakini hesabu ni ileile: gawa bei ya mti wa plastiki kwa bei ya mti wa kukata wa mwaka mmoja. Tuseme wa plastiki ni Sh 180,000 na wa kukata, pamoja na kuusafirisha, ni Sh 30,000. Plastiki itaanza kukulipa baada ya Krismasi ya sita. Jiulize kwa ukweli kama itafika huko ikiwa nzima, na kama bado utakuwa kwenye nyumba yenye nafasi hiyo. Kwa mpangaji anayehama kila mwaka mmoja au miwili, mti wa chungu au tawi la ua hushinda karibu kila mara.

Kuhusu mazingira, shirika la Uingereza la Carbon Trust lilikadiria kuwa mti bandia wa mita 2 husababisha hewa ukaa kilo 40 hivi, mti asilia uliotupwa jalalani kilo 16, na ulioteketezwa au kusagwa kuwa matandazo kilo 3.5. Takwimu hizo ni za mazingira ya Uingereza, lakini mwelekeo wake unatuhusu: plastiki yetu nayo kwa sehemu kubwa inatoka China kwa meli. Ukiilinganisha na mti unaorudishwa shambani, itabidi uitumie zaidi ya miaka kumi. Tawi la ua ambalo lingekatwa hata kama Krismasi isingekuwepo, gharama yake kwa mazingira ni karibu sifuri.

Taa, kwa mti wowote

Nunua za LED peke yake. Kamba ya LED yenye taa 100 kwa kawaida inakula chini ya wati 10, wakati za balbu ndogo za zamani hula 40 na zaidi na hupata moto. Kamba tatu za wati 8, zikiwaka saa sita kwa usiku kwa siku ishirini, hazimalizi uniti 3 za umeme. Kwa mti wa futi 5, taa 250 zinatosha. Funga ukianzia chini, ukiingia ndani kwenye shina na kutoka tena, badala ya kuuzungushia mti kwa nje.

Tazama alama ya shirika la viwango, TBS au KEBS, na uandishi unaoonyesha volti 220 hadi 240. Kamba nyingi za sokoni zina plagi ya pini mbili, na watu huzilazimisha kwenye soketi ya pini tatu kwa kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu. Tumia adapta. Washa kamba dukani, kisha nyumbani iwashe nusu saa ikiwa sakafuni kabla ya kuifunga mtini, halafu gusa kile kiboksi cha kubadilisha mtindo wa kumeta. Kikiwa cha moto kiasi kwamba huwezi kukishika, hakifai. Usiunganishe kamba zaidi ya tatu mfululizo, na ekstensheni isipite karibu na ndoo ya maji. Umeme ukikatika, chomoa plagi. Unaporudi huja na volti za juu kwa muda mfupi, na hapo ndipo taa nyingi huungua. Unapolala au kutoka, zima.

Baada ya sikukuu

Mti wa kukata utoke ndani kabla haujakauka kabisa, na isizidi tarehe 6 Januari. Kata vitawi vidogo uvitandaze chini ya migomba au mikahawa, kwa tabaka la sentimita 5, bila kugusa shina la mmea. Gogo likatwe vipande, likaushwe juani mwezi mmoja, litawasha jiko. Likiwa bichi litatoa moshi na cheche. Kokoto zioshwe na ndoo ifunikwe mpaka mwakani.

Wa plastiki, ondoa mapambo yote na waya zote, ufute vumbi, uache siku nzima ukauke. Kunja matawi kuelekea juu, kinyume na ulivyoyafungua, ukianzia ngazi ya juu, na ufunge kila kipande kwa utepe wa kitambaa, kwa kuwa kamba ya katani hukata nyuzi. Boksi la asili huwa limeshachanika mwaka wa kwanza. Kiroba kikubwa cha sandarusi kilichoshonwa mdomo kinafaa zaidi, kwani panya na mende hupenda kujenga ndani ya maboksi. Paka miguu ya chuma na skrubu mafuta kidogo ya mashine, hasa ukiwa Pwani, uzifunge kwenye mfuko wa kitambaa na kuufunga huo mfuko kwenye nguzo yenyewe. Hifadhi juu ya kabati au uvunguni, si chini ya mabati. Na siku mti huo utakapochoka kabisa, usiuchome uani: PVC ikiungua hutoa tindikali na sumu za dioksini. Kata matawi mazuri uyatengenezee shada la mlangoni, chuma kiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kinachobaki kipeleke kwa gari la taka.